Namna ya Kuchora Mtaa wa Moshi kwa Rangi za Mafuta, Kwenye Ubao Mdogo

Ukipita kwenye maduka ya picha hapa Moshi au kule Arusha utakuta mlima, utakuta simba, utakuta Wamasai watatu warefu wamesimama mbele ya jua linalozama. Sizibezi picha hizo. Zimesomesha watoto wengi. Lakini mama anayepanga ndizi soko la Mbuyuni, fundi cherehani aliyeweka meza barazani, konda anayening'inia mlangoni mwa kifodi, daladala yetu ya hapa, hao hawamo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwachora hao, kwa rangi za mafuta, kwenye ubao unaoingia kwenye begi la shule, akiwa palepale mtaani.

Kazi hii ina mizizi hapa. Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa Uchaggani mwaka 1923, alichora kwa rangi za mafuta watu wa kwao wakiwa kazini na kwenye shughuli zao. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko kwenye Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Hakuhitaji simba.

Kuna jambo nitakalolirudia hadi mwisho: ubao mdogo una nafasi ya kitu kimoja. Kabla hujafungua rangi, ujue kitu hicho ni kipi.

Hatua ya 1: Tengeneza mbao zako

Anza na hadibodi, usianze na kanvasi. Kanvasi ndogo ya dukani ni ghali, upepo ukipiga inatikisika, na katikati ya soko mtu akikugonga na gunia inatoboka. Nunua shiti ya hadibodi ya milimita 3 kwenye duka la vifaa vya ujenzi, futi 4 kwa 8, umpelekee seremala aipasue vipande vya sentimita 20 kwa 25. Shiti moja inakupa vipande kama hamsini. Hiyo ni kazi ya mwaka mzima kwa mtu anayechora mara moja kwa wiki, na ukiwa na mbao hamsini nyumbani huogopi kuharibu moja.

Upande laini ndio wa kuchorea. Upige msasa namba 220 uondoe ule mng'ao, futa vumbi, kisha paka gundi nyeupe ya mbao uliyoizimua kwa maji: mbele, nyuma na kwenye kingo zote. Ukipaka upande mmoja tu, ubao utajipinda kama chapati iliyoachwa juani. Gundi ikikauka piga jeso, ile rangi nyeupe ya maji ya wachoraji inayoshika mafuta vizuri. Mkono wa kwanza upige kwa kulala, wa pili kwa kusimama, na kama bado unaona kahawia ya hadibodi piga wa tatu. Wako wanaotumia rangi nyeupe ya ukutani badala ya jeso. Kwa mazoezi sawa, ila usimuuzie mtu picha iliyokaa juu yake, maana inaweza kubanduka. Chokaa usiiguse kabisa, inaharibu mafuta ya rangi.

Mwisho wa hatua hii, usiuache ubao mweupe. Chovya kitambaa kwenye siena iliyochomwa (rangi ya tyubu ya kahawia-nyekundu, utaikuta hatua ya 2) iliyozimuliwa kwa tapentaini, sugua ubao wote upate wekundu hafifu, uache ukauke siku mbili tatu. Udongo wa mji huu ni mwekundu, na vumbi lake linakaa kwenye kuta, kwenye matairi, kwenye pindo za sketi. Ukiacha nyufa ndogo kati ya madoa yako ya rangi, wekundu ule wa chini utachungulia na picha nzima itakuwa na vumbi la Moshi bila wewe kulichora.

Hatua ya 2: Nunua rangi chache, na uwe makini na jina

Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta utapewa ile ya kung'aa ya milango na mageti. Rangi za kung'aa za namna hiyo ndizo alizotumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, juu ya vibao kama hivi vyetu, na mtindo aliouanzisha umefika duniani kote. Kwa hiyo sisemi ni rangi mbaya. Nasema ni rangi nyingine. Inashika ngozi upesi, na ukitaka kuyeyusha kivuli taratibu kiingie kwenye mwanga haikusubiri. Yetu inauzwa kwenye tyubu, ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta ya kitani, nzito kama siagi, na inabaki mbichi kwa siku kadhaa. Ubichi huo ndio unaokuwezesha kugusa doa la bluu kwa doa la njano yakakutana palepale ubaoni.

Usipoipata mjini, agiza Dar es Salaam itumwe kwa basi. Tyubu saba zinatosha: nyeupe ya titani (hii chukua tyubu kubwa, itaisha kabla ya zote), njano ya kadimiamu, oka ya njano, siena iliyochomwa, umba iliyochomwa (kahawia nzito), nyekundu ya alizarini na bluu ya ultramarini. Sikuweka kijani. Ultramarini na kadimiamu vinakupa kijani cha mgomba, na ukidondoshea siena kidogo unapata kile kijani kizito cha mwembe wenye vumbi. Sikuweka nyeusi pia. Umba ikikutana na ultramarini inatoka giza nene linalokaribia nyeusi ya tyubu, na giza hilo unaweza kulipeleka upande wa joto au wa baridi kadiri unavyopenda.

Kuzimulia, tumia tapentaini. Thina kali ya mafundi magari usiikaribie: mvuke wake unaumiza kichwa na mapafu, na kwenye picha inayeyusha hata mkono wa chini uliokwisha kushika. Brashi tatu bapa za nywele ngumu, moja nyembamba laini, kisu kidogo cha kuchanganyia, na vitambaa vya fulana kuukuu. Seremala yule yule akutengenezee kisanduku ambacho kifuniko chake kikifunguka kinashika ubao wima, na kitako chake ndiyo paleti, yaani mahali pa kuchanganyia rangi.

Hatua ya 3: Jua saa ya mtaa unaoutaka

Tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Maana yake jua letu halizungukizunguki pembeni, linapanda juu na kushuka. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, kama saa sita na nusu mchana, linasimama utosini kabisa, na nguzo ya umeme inabaki na kivuli kidogo kama kitambaa kilichoanguka miguuni pake. Saa hiyo mtaa ulio wazi unakuwa bapa: bati jeupe, ardhi nyeupe, nyuso za watu giza. Ukikaa kuuchora utapigana nao bure.

Saa zenye utajiri ni mbili. Ya kwanza ni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, vivuli virefu vinapolala barabarani na moshi wa jiko la mama lishe unapokatwa na miale. Ya pili ni kuanzia saa kumi jioni hadi jua linapozama. Jua linasogea nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo kivuli ulichokiweka saa moja na nusu si hicho utakachokiona saa tatu kasoro. Una saa moja na nusu ya kufanya kazi, zaidi ya hapo unachora picha nyingine juu ya ile ya kwanza.

Mchana usiupoteze lakini. Ingia chini ya kitu. Chini ya baraza za maduka ya zamani mwanga unaruka kutoka ardhini unapanda juu, unaangaza videvu na dari. Na kitu ninachokipenda kuliko vyote katika mji huu ni miavuli ya mawakala wa pesa. Jua la saa sita linapenya kitambaa chekundu, na kila kilicho chini yake kinageuka: daftari la miamala linakuwa la waridi, mashavu ya yule dada yanawaka, na vidole vyake vinavyobonyeza simu vinakuwa na ukingo mwekundu. Mwavuli wa njano unafanya vingine, wa bluu vingine. Unaweza kuchora miavuli mwezi mzima usirudie picha.

Kuhusu misimu nitasema kwa ufupi. Julai mawingu hukaa siku nzima na mwanga ni laini. Mwanzoni unaona hakuna cha kuchora, baadaye unagundua rangi za kanga hazijawahi kuonekana wazi hivyo. Oktoba na Novemba mijakaranda inachanua na kumwaga zambarau barabarani. Masika beba mwavuli wako mwenyewe.

Hatua ya 4: Omba nafasi

Usimchore mtu kwa kumvizia. Kwanza ni adabu, pili utachora vibaya kwa sababu utakuwa na haraka ya mwizi. Mara yangu ya kwanza Mbuyuni nilikwenda mikono mitupu, sanduku nimeliacha nyumbani. Nilimwendea mama mmoja wa ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikupe chane ngapi?"

"Nitachukua mbili. Na kesho asubuhi, ukiniruhusu, ningependa kukaa hapa pembeni nichore meza yako. Nikimaliza nakuonyesha."

Alinitazama, akatazama meza. "Kaa. Ila usinizibie wateja."

Neno hilo la kutozibia wateja ndilo kanuni ya kwanza ya mchoraji wa sokoni. Kaa pembeni, mgongo wako uwe ukutani au kwenye nguzo, mbele pawe na njia ya kupita mtu mwenye mzigo kichwani. Ukikaa hivyo watoto nao hawawezi kukuzunguka nyuma. Kununua kitu kabla ya kuchora si rushwa, ni kuingia sokoni kama watu wengine wanavyoingia. Stendi, wasemeshe kwanza mawakala wa mabasi. Na mahali penye askari, kituo cha polisi au kambi, usifungue sanduku hata kama mwanga ni mzuri namna gani.

Picha ilipokwisha nilimwonyesha kama nilivyoahidi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaiangalia muda, kisha akasema: "Umenichora vizuri. Lakini hizi si ndizi zangu. Mimi nauza mshare, wewe hapa umeweka kisukari."

Alikuwa sahihi. Mshare ni ndefu, nyembamba, imepinda na kuchongoka. Ndiyo ya kupikia mtori na machalari. Mimi nilikuwa nimeweka vidole vifupi vinene, kwa sababu kichwani mwangu neno ndizi lina umbo hilo. Nilichora neno, sikuchora kilichokuwa mezani. Tangu siku hiyo, kabla ya kukaa kuchora, nasimama dakika kumi naangalia kazi ya yule mtu ilivyo: fundi viatu anashika sindano mkono upi, mchoma mahindi anapepea kwa kadibodi au kwa mfuniko, gunia la mkaa linafungwaje mdomo.

Hatua ya 5: Chagua kimoja

Kata dirisha dogo kwenye kadibodi, sentimita 4 kwa 5. Uwiano wake ni uleule wa ubao wako. Fumba jicho moja, linyooshe dirisha mbele, lisogeze karibu na mbali. Mtaa mzima una mambo mia. Ndani ya dirisha yatabaki matano. Sasa jiulize, ni lipi kati ya hayo lililokufanya usimame? Likiwa ni kivuli cha muuza kahawa kwenye ukuta wa njano, basi birika, vikombe na benchi ni wahudumu wa kivuli hicho. Likiwa ni kile kipande cheupe cha jua kati ya mabasi mawili, mabasi ni kuta mbili tu na huna haja ya kuhesabu madirisha yake.

Ukishindwa kulitaja kwa sentensi moja fupi, usianze. Tembea kidogo.

Na mlima? Swali hili naulizwa kila mara. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana asubuhi mapema kisha mara nyingi mawingu yanaifunika, jioni inaweza kufunguka tena. Ikitokea nyuma ya mtaa wako ni vigumu kuikataa, ina mita 5,895 na imekulia nawe. Lakini ikiingia kwenye ubao wa sentimita 20 itataka kuwa hicho kitu kimoja, na yule fundi cherehani wako atageuka pambo la mbele yake. Mimi naiweka pale tu inapokaa nyuma kama jirani: kipande hafifu cha bluu-kijivu kinachokaribiana sana na anga, bila mistari mikali. Na barafu yake ichore kama ilivyo leo. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya mwaka 1912 imekwisha kuondoka, hivyo mwenye kunakili theluji nene ya kadi za zamani anachora mlima ambao haupo tena juu ya mji huu.

Hatua ya 6: Penseli, dakika tano

Kwenye daftari, mstatili mdogo kama dirisha lako. Finya macho mpaka vitu vipotee vibaki vipande vya giza na mwanga. Weka vipande hivyo kwa viwango vitatu tu: giza, kati, mwanga. Vikipendeza hapo, vitapendeza ubaoni. Visipopendeza, rangi haitaviokoa.

Hatua ya 7: Paka

Anza na giza. Umba na ultramarini, zilizozimuliwa kwa tapentaini ziwe nyembamba kama chai, uchore vile vipande vikubwa vya kivuli moja kwa moja kwa brashi pana. Usichore mistari ya kuzunguka vitu. Kivuli cha mtu na mtu mwenyewe mara nyingi ni kipande kimoja, viache viungane. Halafu weka vya kati, rangi nzito kidogo. Mwanga uje mwisho, mzito, umewekwa mara moja na kuachwa. Mpangilio huo una sababu: chini pawe na mafuta machache, juu mengi zaidi, la sivyo tabaka la juu linakauka kabla ya la chini, na la chini likija kusinyaa baadaye picha inapasuka.

Watu wanawaogopesha wanaoanza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kwanza jua vichwa vinakaa wapi. Ukichora umesimama, mahali tambarare, vichwa vya watu wazima wote waliosimama vinakaa karibu kwenye mstari mmoja, usawa wa macho yako, walio karibu na walio mbali. Kinachobadilika ni miguu: wa karibu anashuka chini sana ya picha, wa mbali anaishia juu. Ukiwa umekaa kwenye kigoda, mstari huo unakata wenzako kifuani au kiunoni. Kosa la kuweka watu wa mbali chini kama vibilikimo linatokana na kusahau hili. Ila Moshi una mteremko. Ukitazama kaskazini, upande wa mlima, barabara inapanda na vichwa vinapanda nayo. Ukitazama kusini vinashuka. Pima kwa brashi, usikariri.

Pili, mtu ni doa kabla hajawa mtu. Doa la kiwiliwili, doa dogo la kichwa (kichwa huingia kama mara saba kwenye urefu wa mtu mzima, na wanaoanza karibu wote wanakichora kikubwa), kisha mguu mmoja wenye uzito wa mwili. Huo mguu wa pili mara nyingi ni mguso tu. Mikono iliyobeba kitu haihitaji vidole. Mzigo kichwani unanyoosha shingo na kufanya nyonga ifanye kazi yote. Ukiipata nyonga, ndoo yenyewe inajibeba.

Tatu, ngozi. Miongozo mingi ya rangi za mafuta imeandikwa na watu waliochora ngozi nyeupe, wakaiweka ngozi nyeusi kwenye aya ya mwisho kana kwamba ni ileile uliyoongeza kahawia. Si hivyo. Ngozi yetu inapokea mwanga kama mbao iliyong'arishwa: inarudisha rangi ya kilicho mbele yake. Asubuhi paji la uso linalotazama anga lina bluu, bluu kabisa, ultramarini na nyeupe kidogo juu ya kahawia. Upande wa jua una siena na oka. Chini ya kidevu, mahali ambapo wengi wanaweka nyeusi, kuna wekundu unaopanda kutoka ardhini, hasa kwenye udongo kama huu wetu. Msingi wangu ni umba na alizarini kidogo. Kuelekea mwanga naongeza siena, kuelekea kivuli naongeza ultramarini. Nyeupe naiweka mwisho, kidogo sana, maana ikizidi ngozi inakuwa na majivu. Na watu wawili waliosimama pamoja sokoni hawana msingi mmoja. Changanya kwa kila mmoja wao. Ni heshima ndogo unayompa mtu, na inaonekana kwenye picha.

Nne, nguo. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, lakini kwenye ubao wetu mwanamke mzima ana urefu wa kidole. Weka rangi kuu ya kanga upande wa jua na upande wa kivuli, kisha migusomiguso mitatu ya rangi ya pili pale kitambaa kinapokunjika. Jicho la mtazamaji litamalizia maua. Bati la kutu ni siena na ultramarini zilizoachwa zisichanganyike sawasawa, na juu yake mstari mmoja wa anga. Chrome ya bodaboda ni vitu viwili tu: giza kali na mwanga mkali vimekaa jirani.

Lile jambo moja ulilolichagua lipe kingo kali na rangi safi kuliko zote. Mengine yote, hata ukiyapenda, yalainishe kwa kidole au kwa brashi kavu.

Hatua ya 8: Acha

Ile saa moja na nusu yako ya kazi ikiisha, weka brashi chini. Kuna sauti itakayokuambia uongeze dirisha la tatu na waya za umeme. Utaongeza, na ule ubichi wa asubuhi utaondoka picha ikawa ngumu. Nimeharibu mbao nyingi nyumbani, jioni, nikimalizia picha ambayo ilikuwa imekwisha sokoni.

Hatua ya 9: Kuibeba mbichi, kuikausha, kusafisha

Kata kizibo vipande vidogo vinne, bandika kwenye pembe za ubao uliochorwa, funika kwa ubao mwingine uso kwa uso, funga kwa mpira. Hapo unaweza kupanda hata bodaboda.

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Haipotezi maji, inavuta hewa na kugeuka ngumu. Umba hushika siku moja au mbili, nyeupe ya titani na kadimiamu huchukua wiki, na Julai huchukua zaidi. Isimamishe ndani, penye mwanga na hewa, bila jua la moja kwa moja. Kabatini au chini ya kitanda usiiweke: mafuta ya kitani yakikaa gizani yanageuka njano. Adui mkubwa ni vumbi, kwa hiyo funika kwa boksi lililo wazi upande mmoja lisilogusa uso wa picha.

Brashi futa kwanza, zioshe kwa mafuta ya alizeti, kisha kwa sabuni ya mche na maji kiganjani mpaka povu litoke jeupe. Tapentaini chafu iache itulie kwenye chupa. Mashapo yanazama na ya juu unaitumia tena. Usiimwage mtaroni, maana maji ya mji yanakokwenda ni kwenye mito, na mito ya Rau na Njoro ndiyo inayomwagilia mpunga wa Mabogini na Chekereni. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikusanye vikiwa vimekunjwa kwenye ndoo. Vinapokauka vinatoa joto, na vikiwa vimerundikana vinaweza kuwaka moto vyenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke vigumu, au vizamishe kwenye maji.

Hatua ya 10: Nyuma ya ubao, na bei

Nyuma andika mahali, tarehe na saa: Mbuyuni, saa moja na nusu asubuhi. Miaka ikipita meza ile itakuwa imehama na mwavuli umebadilika rangi, na maandishi hayo yatakuwa sehemu ya picha. Jina la mtu liandike akikuruhusu tu.

Fremu mpe seremala, ya mti wa kawaida, nyembamba. Bei ihesabu kwa karatasi: ubao, jeso, rangi, fremu, nauli, halafu saa zako kwa kiwango ambacho usingeona haya kumlipa fundi mwingine mwenye ujuzi. Usiishushe kwa sababu picha ni ndogo. Mgeni anayeshuka mlimani anapenda ndogo kwa kuwa inaingia kwenye mzigo wake, na mtu wa hapa anapenda ndogo kwa kuwa ukuta wa sebule yake tayari una picha ya harusi. Uliyemchora mpelekee nakala iliyochapishwa studio.

Vanishi isipakwe kabla ya miezi sita, kwa sababu ndani rangi bado inafanya kazi hata kama kidole hakichafuki. Chini ya tarehe uliyochora andika nyuma ya ubao mwezi wa kupaka vanishi, na mnunuzi akiichukua mapema mwambie airudishe mwezi huo, utampakia bure.